Sauti Ilinaswa Wapi? Uhakiki wa Matumizi ya Neno "Mubashara"

Neno "mubashara" limepata bahati ambayo istilahi nyingi huikosa: limetoka kwa watangazaji likaingia vinywani mwa watu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake katika utangazaji ni wazi: tukio na matangazo yake huenda kwa wakati mmoja. Lawama yetu hailihusu neno lenyewe. Inawahusu wafasiri na watunza kumbukumbu wanaolibandika juu ya kanda na santuri, wakaandika "rekodi mubashara" kila wakutanapo na muziki ulionaswa mbele ya watu. Kilichokwisha kunaswa kimekwisha kupita, na kilichopita hakiwezi kuwa mubashara. Wanaoandika "rekodi ya moja kwa moja" wamehama jina tu, kosa wamelibeba.

Tuchukue mfano maarufu katika historia ya kunasa sauti. Kati ya mwaka 1901 na 1903 Lionel Mapleson, mkutubi wa jumba la opera la Metropolitan mjini New York, alinasa vipande vya maonyesho kwa fonografu ya Edison. Alianza katika kijisanduku cha mnong'onezaji, mbele ya jukwaa. Baadaye akahamia kwenye ujia uliokuwa juu ya jukwaa, akitumia pembe kubwa ya kukusanyia sauti. Kila silinda ya nta ilichukua dakika chache tu, hivyo wimbo hukatika ghafla. Sauti ni hafifu na mikwaruzo ni mingi. Hata hivyo, ndani yake husikika waimbaji wakiwa kazini, okestra ikiwafuata, na makofi ya watu waliokwisha kufa zamani. Ni humo tu tunamoweza kumsikia Jean de Reszke, mwimbaji aliyesifiwa sana katika zama zake.

Mfasiri wa habari hizi ana maneno matatu ya kuamua. "Silinda" ibaki silinda. "Mcheduara" ni umbo la hisabati, haliwekwi rafuni. "Opera" nayo ibaki. "Tamthilia ya nyimbo" ni ufafanuzi mwema pale neno linapotajwa mara ya kwanza, lakini ufafanuzi hauwi jina. Wala opera haifai kufananishwa na taarabu, ambayo huimba bila wahusika wa kuigiza. Neno la tatu ndilo gumu: rekodi hiyo iitwe ya namna gani?

Jibu jepesi ni "rekodi ya jukwaani". Kwa kazi ya Mapleson linatosha kabisa. Lakini istilahi ya taifa haitungwi kwa ajili ya New York peke yake. Na ipandishwe Uluguru, ipimwe huko. Katika ngoma ya mwali hapana jukwaa, na anayetazama ndiye anayeitikia. Ukisema "rekodi mbele ya hadhira", hadhira hiyo ni ipi, hali waitikiaji ni nusu ya wimbo? Teremka sasa mjini Morogoro. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wamesalia kwetu zaidi kwa kazi za studioni. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache, na mara nyingi wimbo ulikatwa ukawa sehemu ya kwanza na ya pili. Dansini hapakuwa na mkato huo. Anayeandika "mubashara" juu ya santuri ya namna hiyo anamwambia mjukuu kwamba hivyo ndivyo babu yake alivyocheza.

Kuna na hatari ya pili. Mwaka 1906 Karl Weule aliwaimbisha watu wa kusini mwa nchi hii mbele ya pembe ya fonografu. Hapakuwa na studio, lakini pia haikuwa ngoma yenyewe. Watu waliimba kwa sababu mgeni ameomba. Naye Siti binti Saad aliimba Bombay mwaka 1928 mbele ya mafundi wa kampuni ya santuri, mbali na wasikilizaji wake wa Unguja. Kuzichanganya kazi hizi na sauti zilizonaswa katika shughuli yenyewe ni kuharibu ushahidi.

Kiswahili kina dawa iliyo karibu mno hata tumeisahau: kiambishi -ni cha mahali. Tuseme rekodi ya jukwaani, ya dansini, ya ngomani, ya harusini, ya studioni. Na ile ya Weule tuiite rekodi ya kuombwa. Hatuna haja ya jina moja la kufunika yote, kwa kuwa lugha ya kigeni kuwa na neno moja si amri kwetu kuwa nalo moja. "Mubashara" libaki redioni na katika televisheni, linakofanya kazi yake vema.

Waliocheza dansi Morogoro kabla Salum Abdallah hajafariki mwaka 1965, au kabla ya kifo cha Mbaraka mwaka 1979, wanazidi kupungua. Mtumishi anayeandika lebo ya kanda leo awaulize wangali wapo: hii ilinaswa wapi, na mbele ya nani? Akiisha kupata jibu, aliandike kwa neno lake.