Chekeche Lisilo na Matundu

Tangu Bwawa la Glen Canyon lianze kuziba Mto Colorado mwaka 1963, mchanga unaoshuka kutoka juu hutuama katika Ziwa Powell. Maji yanayoingia Grand Canyon, Arizona, hutoka bwawani yakiwa maangavu. Machi 1996 yalifunguliwa kwa wingi kwa siku 7 ili kurudisha fukwe kandokando ya mto. Mchanga laini ulibebwa kwanza, chini zikabaki chenga, na mchanga uliomo majini ukapungua ingawa kasi ya mto ilikuwa ileile. Basi ukitaka kujua mto utabeba nini kesho, jua leo ni punje gani zimelala chini.

Kwa kawaida unachota mchanga, unaukausha, unautikisa kwenye machekeche, unapima uzito. Sampuli moja hula saa kadhaa. David Rubin wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, alichapisha njia nyingine, ya kutumia picha, mwaka 2004. Baadaye yeye na wenzake wakatumia kamera yenye lenzi ya hadubini na taa yake, ndani ya kasha lisiloingia maji, ikishushwa hadi kioo kiguse mchanga.

Kompyuta haihesabu punje hata moja. Huilaza picha juu ya nakala yake, huisogeza pikseli moja, na kupima mwanga na giza vinalingana kiasi gani. Kisha pikseli mbili, tatu, kumi. Kwenye chenga ulinganifu hudumu, kwa kuwa bado uko juu ya punje ileile. Kwenye mchanga laini huvunjika upesi. Matokeo hulinganishwa na yale ya mchanga wa mto huohuo uliokwisha kuchekechwa.

Hapo ndipo mwenye papara huteleza. Badilisha taa au ukuzaji wa lenzi, na ulinganisho wako wote wa awali hauna kazi tena. Punje moja yenye madoa nayo huweza kusomeka kama punje kadhaa. Anayeniambia atapima mto kwa simu, namuuliza kwanza amechekecha sampuli ngapi.

Wengine hulalamika kwamba picha huona ngozi ya juu tu. Kwa Colorado naona hiyo ndiyo faida: kijiko cha kuchotea huchanganya sentimita kadhaa, ilhali maji husugua tabaka la juu. Lakini kwenye kokoto kubwa kuliko fremu ya picha, kamera hiyo haifai kitu. Huko watu bado huingia majini na kuokota mawe 100, wakipima moja moja, kama mtafiti wa mito Wolman alivyoelekeza mwaka 1954.