Goetzen ya mwezi gani?

Sisi wa Kalemie tunapenda kusimulia vita ya 1914-1918 juu ya ziwa letu, na vijana wengine wanaisimulia kwa mikono: wanatengeneza maketi za meli. Nilialikwa kutazama kazi hizo katika sikukuu moja ya shule. Juu ya meza kulikuwa Graf von Goetzen ya Wajerumani, na mbele yake Mimi na Toutou za Waingereza, zote za mti mwepesi na bati ya makopo. (Hiyo Mimi si mimi na wewe, ni jina la kitoto la paka kwa Kifaransa.) Kijana ana ufundi, hilo sibishi. Lakini nilibaki na swali moja: hii Goetzen ni ya mwezi gani?

Meli ni meli, utasema. Hapana. Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha karibu 5.000, ikaletwa Dar es Salaam na kisha kwa reli mpaka Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na ndiyo tarehe kijana aliyoandika kwenye kibao. Lakini mbele ameweka mzinga mkubwa wa Königsberg, meli ya vita ya baharini. Ile Königsberg iliangamia katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa baadaye. Sasa mzinga ungefika Kigoma namna gani, miezi mitano kabla? Tena, mwaka 1916 Wajerumani waliutoa kwa vita ya nchi kavu, na mahali pake wakasimamisha mzinga wa uongo, wa mti. Kwa hiyo Goetzen ya siku ya mwisho, 26 Julai 1916, walipoizamisha wenyewe, inastahili mzinga wa mti kweli kweli! Kijana alikuwa nao mkononi, akakosa tarehe tu.

Juu ya vyumba na rangi, alinijibu bila kuficha: "Mwalimu, nilikopia foto ya Liemba." Liemba ni ile ile, ndiyo, lakini Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na miaka ya 1970 mashini ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli. Ni kama kumchora babu kwa kumtazama mjukuu.

Kosa lililoniuma ni kipimo. Mimi ilikuwa na mita 12 tu, Goetzen karibu 70. Kwa kipimo cha moja kwa mia, ni sentimita 12 pembeni ya 70. Pale mezani, Mimi ilikuwa nusu ya Goetzen! Mtoto akitazama ataona wapiganaji wa kimo kimoja. Hataelewa kwa nini Spicer-Simson, aliyeteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuzamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916, alikataa kuishambulia Goetzen. Tena mzinga wa Mimi ulikuwa umegeuzwa pembeni, na ule mtumbwi wa mashini haukuvumilia hivyo. Ulipiga mbele tu.

Na kwa nini Mimi iwe majini siku zote? Mwaka 1915 ilivutwa juu ya magurudumu toka Fungurume mpaka Sankisia, kupita milima ya Mitumba, kwa matrakta ya mvuke, ng'ombe, na mikono ya watu wetu. Halafu reli mpaka Bukama, Lualaba mpaka Kabalo, na reli tena mpaka huku Lukuga. Nilimshauri kijana atengeneze hiyo: Mimi juu ya gari lake, kamba, na watu. Kwa kipimo chake, mtu hafiki sentimita mbili.

Akaniuliza, "Niweke watu wangapi, Mwalimu?"

Nikamwambia aanze na mia, halafu aniite.