Swift Sport na Mteremko wa Iten: Shoki Kwanza, Springi Fupi Kando

Eldoret imekaa karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hiyo nyepesi ndiyo iliyowajenga wakimbiaji wetu, lakini injini isiyo na tabo inaiogopa: moja ya tano hivi ya nguvu zake hupotea kabla gari halijatoka langoni. Swift Sport ya kizazi cha ZC31S, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2005, ilitoka kiwandani na injini ya sentimita za ujazo 1,586 yenye nguvu za farasi 125. Huku kwetu zinabaki kama 100. Anayetaka gari dogo kama hili liende vizuri atafaidika zaidi akiulinda mwendo alio nao kwenye kona kuliko akiutafuta mwingine kwenye injini. Kwa hiyo pesa zangu nilizipeleka chini ya gari.

Gari lenyewe ni la kazi. Siku za wiki linatoka Kapsoya kwenda mjini na kurudi, likipanda matuta ambayo mengine hayana hata rangi, kisha linamalizia safari kwenye barabara ya murram. Siku nikipata nafasi hupanda nalo Iten, kisha hushuka Tambach kuelekea Mto Kerio, kona juu ya kona, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Matuta na murram vinataka gari laini lenye nafasi ya kucheza. Mteremko unataka gari lisiloyumba. Kazi yote ilikuwa kuvipatanisha hivi viwili, na nilianza vibaya kwa sababu mwenye gari wa awali alikuwa amelishusha kwa springi fupi.

Tufanye hesabu nyepesi. Springi moja ya mbele ya gari la uzito huu inabeba takriban kilo 300. Ikiwa ni springi inayohitaji kilo 3 ili ibonyee milimita moja, basi gari likisimama tu tayari imebonyea milimita 100. Funga iliyo ngumu mara mbili, ya kilo 6, nayo itabonyea milimita 50. Wengi hutazama faida ya hapo juu: gari halilali sana kwenye kona. Hasara iko upande wa pili. Zile milimita 100 ni akiba. Gurudumu likifika kwenye shimo, akiba hiyo ndiyo inayolisukuma chini, kadiri urefu wa shoki unavyoruhusu, ili tairi libaki limeshika lami. Springi ngumu huimaliza akiba yake katikati ya shimo. Tairi linabaki linaning'inia hewani, kisha linagonga ukingo wa mbele kwa nguvu zote. Na tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki. Kwenye lami iliyotiwa viraka, springi ngumu inaweza kukupunguzia mshiko uliokusudia kuuongeza.

Kushusha gari kuna dhara jingine linaloumiza magari ya aina hii. Mbele, Swift ina mkono mmoja wa chini, na shoki ndiyo inayolishikilia gurudumu kwa juu. Gari likishuka, mkono ule huinuka upande wa gurudumu, na ile nukta ambayo mwili wa gari huinama kuizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Matokeo yake ni kwamba nguvu inayoliinamisha gari hupata wenzo mrefu zaidi. Kwa hiyo gari lililoshushwa hudai springi ngumu ili tu lirudi pale lilipokuwa, na hapo ndipo mwenye gari huanza kununua matatizo mfululizo.

Nao waliokimbilia spesa hawajapona. Kipande cha alumini juu ya shoki kinainua gari, lakini shoki ni ileile na safari yake ni ileile. Gurudumu likining'inia sasa linafika chini zaidi, na sivi jointi pamoja na boli jointi zinakunjwa kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Spesa inakusaidia usikwaruze matuta. Uendeshaji haiugusi.

Kenya ina mfano wa kigari kidogo kilichofanikiwa mahali pagumu. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio kwenye Safari Rally, kigari cha injini ya chini ya sentimita za ujazo 660. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alikuwa na moja na hakumaliza. Patrick Njiru alimaliza, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Magari ya Safari ya enzi zile yaliinuliwa na kupewa safari ndefu ya magurudumu, kwa sababu waliokuwa wakiyaandaa walijua kwamba gari linalopiga chini halifiki. Mafundi wa kulipwa walinunua nafasi ya gurudumu kucheza. Sisi wa kwenda kazini tunalipa ili tuipunguze!

Basi springi fupi zilitoka, zikarudi za kiwandani za Sport. Pesa kubwa ilikwenda kwenye shoki. Springi hubeba gari, lakini shoki ndiyo inayoamua gari litachukua muda gani kutulia baada ya tuta. KYB wanatengeneza Excel-G, ambayo ni shoki ya kawaida, na New SR Special, iliyo kali kidogo na inayokubali springi za kiwandani. Nilichukua hii ya pili. Ukali ninaoutaka ni wa wakati shoki inaporefuka, kwa kuwa huo ndio unaozuia gari kuruka likishuka tuta. Hata huo una mpaka wake: shoki ikirudi polepole mno kwenye murram yenye mawimbi, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi linalofuata, na gari huzama kidogo kidogo hadi linakaa juu ya stopa za mpira. Ukiwahi kuendesha gari ambalo huwa gumu zaidi kadiri unavyoongeza mwendo kwenye murram, umekutana na jambo hili.

Stopa mpya na mifuko ya kuzuia vumbi ni lazima. Vumbi la murram likishikamana na ufito wa shoki, linakwenda kuila sili.

Sasa bushi, na hapa naomba mafundi wetu wanisikilize. Bushi ya mpira imeshikamana na vyuma vyake ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Bolti ya mkono wa chini ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, gari likiwekwa chini mpira unabaki umesokotwa siku zote, na unachanika mapema. Kisha spea inalaumiwa kuwa feki. Dawa haigharimu kitu: bolti ziingizwe bila kukazwa, gari lishushwe likalie magurudumu yake, litikiswe likae sawa, ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Mpira wa kawaida niliuacha kwenye mikono ya chini. Polyurethane niliweka kwenye stabilaiza tu, ambako ugumu wake una faida na hauleti mtetemo mwingi ndani.

Matairi ya kiwandani ni 195/50R16, ambayo ukuta wake una milimita 97.5. Saizi ya Swift ya kawaida, 185/60R15, ina ukuta wa milimita 111 na kimo kinachokaribia kuwa kilekile: milimita 603 dhidi ya 601. Mita ya mwendo haidanganyi kwa kiasi cha kuonekana, na rimu inapata kinga zaidi. Hakikisha tu kwamba rimu ya 15 haigusi kalipa. Tairi ni jembamba kidogo, na kwenye kona kavu nalihisi. Kwa mvua za Uasin Gishu nimeridhika nalo.

Mwisho ni alaimenti kwa mashine. Mbele magurudumu yalilazwa ndani kwa digrii moja, kwa bolti nyembamba yenye kichwa cha pembeni inayofungwa pale shoki inapokutana na kishikio cha gurudumu. Ncha za mbele za matairi ziliachwa karibu sawasawa kabisa, kwani zikipotoka ndizo zinazokula tairi upesi kuliko ule mlalo. Nyuma kuna mhimili mmoja usio na cha kurekebisha, hivyo hupimwa tu kuona kama umepinda.

Gari sasa linapita tuta mara moja na kutulia, na kuelekea Kerio linaweza kupigwa breki kwenye viraka bila kuhama njia. Kwenye kona linalala zaidi kidogo kuliko lilipokuwa limeshushwa, lakini linashika. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua shoki nzuri nne, na usiondoke gereji kabla ya kuona bolti za bushi zikikazwa magurudumu yakiwa chini.