Kalamu ya Roland Brown na ardhi ya Makurunge

Huko Makurunge, Bagamoyo, kuna eneo kubwa linalojulikana kwa jina la Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Serikali ya Zanzibar ilipewa ardhi hiyo miaka ya 1970 ifugie ng'ombe. Serikali yenye rais wake na Baraza lake la Mapinduzi ikawa, huku Bara, mmiliki wa ardhi kama wamiliki wengine. Chanzo cha hali hiyo ni kazi aliyoifanya wakili mmoja Mwingereza Aprili 1964.

Roland Brown alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, mshauri aliyeaminiwa na Nyerere. Alipotakiwa kuandika Hati za Muungano kwa siri na kwa haraka, hakutunga katiba mpya. Aliichukua Katiba ya Tanganyika, akaifanya iwe ya Muungano kwa kipindi cha mpito, huku Zanzibar ikibaki na serikali yake na chombo chake cha kutunga sheria. Uzito wote ukaangukia ibara ya nne, penye orodha ya mambo 11 ya Muungano. Mambo ya nje yamo, ulinzi umo, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, bandari, posta na simu. Ardhi haimo.

Ufundi wake uko hapo. Lisiloorodheshwa linabaki kwa Zanzibar. Lakini ng'ambo ya pili hakuna tena serikali ya Tanganyika ya kubakiziwa chochote, kwa hiyo Serikali ya Muungano ndiyo inayoshika ardhi ya Bara, bila kugusa ya Visiwani. Zanzibar ikivuka bahari kuja Makurunge, sheria yake ya ardhi haivuki nayo. Hata kampuni ya EcoEnergy ilipokuja na mradi wa sukari hapo hapo, hati yake ya ardhi ya 2013 ilitolewa kwa sheria ya Bara. Hati hiyo ilipofutwa, Tanzania ikapelekwa ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na kushindwa mwaka 2022.

Kwa kasi ile, sijui kama wakili mwingine angeweza zaidi. Hata hivyo Wolfgang Dourado, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, hakushirikishwa, na huo ndio udhaifu mkubwa wa kazi yenyewe: hati ya pande mbili ilihitaji mawakili wa serikali zote mbili mezani. Ilitiwa saini Aprili 22. Siku nne baadaye Muungano ukaanza.

Orodha ya Brown leo imefika mambo 22. Ardhi bado haimo.