Dawa ya deni ni kulipa, lakini sala yasemaje?

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza chapati na maharagwe pale tunapopandia matatu, alinisimamisha majuzi asubuhi nikienda kazini. Siku hiyo hakutaka salamu ndefu. "Mwalimu, si wewe ndiye wa Kiswahili? Hebu niambie. Ile Baba Yetu, inasema deni ama inasema makosa?"

Nikamwambia inategemea anasali wapi. Akaguna. "Hapo ndipo walinimaliza."

Kisa chake ni kifupi. Mwaka jana alimkopesha mwanakwaya mwenzake Sh30,000. Zilikuwa karo ya kifunguamimba wake, zikingoja shule zifunguliwe, na mkopaji aliapa kuzirudisha kabla ya wiki tatu kwisha. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Mtoto alirudi shuleni kwa pesa za shailoki (jina la mhusika wa Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimleta kwetu katika Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, na ambalo mitaani Kenya limekuwa nomino ya kawaida kabisa). Mama alipochoka kupiga simu isiyoshikwa, aliwaendea wazee wa kanisa. Wakawaita wote wawili. Yule bwana akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, nisamehe." Basi. Hakutaja pesa wala hakutaja siku. Mzee mmoja akamgeukia mama: "Si umesikia ndugu yako ameomba msamaha? Na kila Jumapili si tunasali hapa kuhusu deni na wadeni?"

Mama huyu alilelewa Mkatoliki kisha akaolewa kwenye kanisa la Kiprotestanti. Sala aliyofunzwa utotoni ina neno makosa. "Sasa mimi najiuliza," akaniambia akipangusa mikono kwenye leso, "kwani nikirudi kwetu nitalipwa?"

Nilicheka, kisha nikaona si la kucheka. Nalijibu swali lake hapa ukumbini kwa kuwa ni la lugha kabla ya kuwa la imani, na kwa kuwa naona wazee wale waliikosea lugha, na kwa kuikosea wakaikosea imani pia.

Tuanze na maandishi. Katika Kigiriki cha Injili ya Mathayo, sura ya 6, neno lililotumiwa ni opheilemata, nayo ni madeni, tena madeni ya kawaida ya kuandikwa kwenye daftari la duka. Luka, katika sura ya 11, anaisimulia sala hiyo hiyo kwa neno lingine, hamartias, yaani dhambi. Lakini akifika upande wetu sisi tunaosamehe, anarudi kwenye msamiati wa deni. Wataalamu wa Biblia huieleza tofauti hiyo kwa kutukumbusha kwamba Yesu alizungumza Kiaramu, na katika Kiaramu neno hoba lilibeba maana zote mbili. Aliyekosa alikuwa anadaiwa. Wajerumani nao wana Schuld, neno moja la hatia na la deni, na Nietzsche katika kitabu chake cha 1887 kuhusu chimbuko la maadili alilishikilia akidai kwamba hatia tunayoisikia moyoni ilizaliwa kati ya mdai na mdaiwa. Simfuati Nietzsche mpaka anakoishia, maana yeye alitaka kuibomoa nyumba nzima. Lakini alisikia vizuri.

Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Watafsiri walilazimika kuchagua. Biblia ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka wa 1952, ilichagua deni katika Mathayo. Wakatoliki wanasali makosa. Sioni aliyekosea hapo. Kila upande ulipata nusu ya neno ukaenda nayo nyumbani.

(Mwenye jicho la sarufi ataniuliza mbona Biblia hiyo inasema "deni zetu" na si "madeni yetu". Ni ngeli tu. Leo shuleni tunalifundisha deni katika LI-YA, ingawa mtaani utasikia "ako na deni yangu" kutwa kucha, na ukisahihisha unaulizwa kama wewe ndiwe utakayelilipa.)

Kwa Luka, watafsiri wale walitumia kitenzi ninachokipenda sana na ambacho kimetuponyoka: kuwia. Kumwia mtu ni kumdai. Kuwiwa ni kudaiwa. Mwia ndiye mwenye kudai, mwiwa ndiye mwenye kudaiwa. Paulo anapowaandikia Warumi kwamba ana deni kwa Wagiriki na kwa wasio Wagiriki, tafsiri hiyo inasema "nawiwa". Sasa sikiliza makanisani, sikiliza hata kwenye harusi: "Nawiwa kusema machache." "Nawiwa kuishukuru kamati." Muulize msemaji maana yake, atakwambia ni kusukumwa na Roho, ni kusikia uzito moyoni. Yaani pesa zimetoka ndani ya neno, limebaki joto lake. Nimewahi kumwona mtu anayedaiwa kila kona ya mtaa akisimama mbele ya watu na kuwiwa kuimba.

Maana za maneno hubadilika, na sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na yaliyolipata neno kusamehe, kwa kuwa hapo ndipo mama wa watu ananyongewa.

Kitenzi hiki kinataka shamirisho mbili, zile ambazo walimu wa shule za upili wanaziita kitondo na kipozi. Unamsamehe mtu, unamsamehe kitu. "Juma amemsamehe Ali deni lake." Ali ni kitondo, deni ni kipozi. Serikali ikiwasamehe watu riba ya kodi, inasema ni riba ya kodi gani na ya mwaka upi. Sasa itazame kauli ya yule bwana: "Nisamehe." Kitondo kipo, tena kimejibana ndani ya kitenzi chenyewe, -ni-, mimi. Kipozi hakipo. Nisamehe nini? Nikikukanyaga mguu kwenye matatu nikasema nisamehe, kipozi hakina haja ya kutajwa, wewe unakisikia kwenye kidole chako. Lakini Sh30,000 na karo ya mtoto zikiachwa nje ya sentensi, pengo hilo si la kisarufi tu. Aliyeomba vile hakuomba kusamehewa deni. Aliomba kusamehewa aibu ya kudaiwa mbele ya watu. Na wazee wakampa.

Na neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambao mzizi wake kwao unahusu ukarimu, ule moyo wa kutoa bila kubana. Ukarimu hauagizwi. Huwezi kumwambia mtu mbele ya kikao, "Haya, kuwa karimu, tunangoja."

Tukija kwenye imani, ambako mimi ni mwanafunzi tu, naona wakongwe walikuwa wakali kuliko wazee wetu. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alimwandikia afisa mmoja wa serikali aitwaye Macedonius mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba mtu aliyechukua cha mwenzake, akaweza kukirudisha na asikirudishe, hafanyi toba bali anaigiza toba. Karne nane baadaye Thomas Aquinas aliuliza moja kwa moja kama kurudisha kitu cha mtu ni sharti la wokovu. Akajibu ndiyo. Asiyeweza kulipa papo hapo, anasema, aombe muda kwa mwenye haki. Ona, aombe kwa mwenye haki, si kwa kikao. Zakayo naye, aliposhuka mkuyuni, alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa mara nne. Kipozi chote kilikuwa mezani.

Najua nitakumbushwa mfano wa yule mtumwa katika Mathayo 18, aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Wahubiri huukimbilia mfano huo kila penye deni. Mimi naomba tuusome polepole. Mfalme yule alianza kwa kufanya hesabu. Deni lilisomwa kwa tarakimu kabla ya huruma kuingia. Wadaiwa wote wawili, mkubwa na mdogo, hawakusema "nisamehe". Waliomba kuvumiliwa, wakaahidi kulipa. Na aliyesamehe alikuwa mfalme, si mama wa kibandani. Tena zile dinari mia tunazozidharau: dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Siku mia za jasho. Nilimuuliza jirani yangu siku njema humwachia faida kiasi gani. Akasema Sh300. Piga hesabu mwenyewe.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler Aprili 1945, aliandika mwaka wa 1937 dhidi ya kitu alichokiita neema ya bei rahisi: msamaha unaogawiwa bila toba. Sisi tumeitafutia hata kaulimbiu, "kusamehe na kusahau", maneno mawili yanayoitana kwa sauti vizuri mno hivi kwamba hakuna anayeuliza nani aliyafunga ndoa. Maandiko yanajua mengi kuhusu kusamehe. Kumtaka aliyeumizwa apoteze kumbukumbu ni nyongeza yetu.

Jambo hili halikai vibandani pekee. Machi 2015 Rais wa wakati huo aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa miaka mitatu. Angalau kipozi kilitajwa, nampa hilo. Lakini miaka ilipita waathiriwa wakingoja, na waliouliza ziko wapi wakaambiwa wanafukua makaburi.

Sasa, kabla hujanipigia makofi, msomaji, kuna upande ambao haunipendezi hata mimi. Ukikubali kwamba sala inasema deni, umekubali yote. Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 15, iliamuru madeni yafutwe kila mwaka wa saba, na ikamkemea atakayebana mkono kwa sababu mwaka huo umekaribia. Hayo yalikuwa madeni ya pesa na nafaka. Mimi nina mpwa wangu aliyenikopa Sh8,000 za kutengeneza pikipiki ya boda, na pikipiki ikaibwa mwezi huo huo. Hana kitu, najua hana. Mara ngapi nimesema "nilishamsamehe yule", na mara ngapi nimelitaja deni hilo kwenye vikao vya ukoo, kwa mzaha, akiwepo? Yeye hucheka na kusema, "Mjomba, nitakutafuta." Kama sala ingekuwa ya makosa peke yake ningekuwa salama, maana mtoto hajanikosea. Ni neno deni linalonikamata shati. Mdeni asiyeweza na mdeni asiyetaka si mtu mmoja, na wazee wale hawakuuliza walikuwa mbele ya yupi.

Kuna jambo lingine dogo katika sarufi ya sala hiyo. Anayesamehe pale ni nafsi ya kwanza wingi. Ni sisi tunaosamehe, si ninyi, wala si yule mama aliyeketi pembeni. Ni sala ya mdai anayejisemea mwenyewe kwa kinywa chake. Mzee akiichukua akamwelekezea mama kidole, ameibadilisha nafsi, na sala imekuwa hati ya mahakama.

Hayo, au mengi ya hayo, nilimweleza jirani yangu kwa siku kadhaa, kila asubuhi kipande, matatu zikinipita. Sikumwambia asisamehe. Nilimwambia tu kwamba akiitwa tena, aulize swali la sarufi: nikusamehe nini?

Aliitwa Jumapili iliyofuata. Yule bwana akarudia maneno yake. Mama akamuuliza, "Nikusamehe nini?" Anasema kimya kilikuwa kirefu mpaka mzee mmoja akakohoa. "Zile pesa," bwana akajibu hatimaye. "Ngapi?" Akasema elfu thelathini. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja hesabu hiyo mbele ya mtu yeyote. Kisha akasema kazi ilikwisha tangu Machi, jambo ambalo hata mkewe hakuwa akilijua vizuri.

Ijumaa jioni nilipita kibandani. Mama akanionyesha ujumbe kwenye simu: Sh1,500.

"Zimebaki ishirini na nane na mia tano," akasema, akageuza chapati. "Za mwisho nitaona."