Bata Mtoro na Bata Mgeni

Uingereza ina fumbo ambalo mtazamaji ndege wa Naivasha hasumbuliwi nalo. Tangu karne ya 17, Mfalme Charles wa Pili alipokuwa na bata wake wa mapambo kwenye bustani ya St James's Park, wenye nafasi wa nchi hiyo wamefuga bata wa kila pembe ya dunia. Bata wa Siberia, wa Marekani na wa Afrika hutotolewa nyuma ya ua wa waya, na wapo wanaoruka ua huo wakaenda zao. Ndiyo maana bata adimu akitokea bwawani mwezi wa Novemba, wenyeji hawashangilii kwanza. Huulizana: huyu kaja kwa mabawa yake kutoka alikozaliwa, au katoroka kwa mfugaji wa kijiji cha pili?

Chama cha wanaornitholojia wa huko, BOU, hupanga ndege kwa herufi. Kundi A ni la wageni wa kweli walioonekana tangu mwaka 1950, na Kundi E ni la watoro. Kati yao lipo Kundi D, la wale ambao shaka haijaondoka. Anayetaka kuhukumu vizuri ashike kanuni moja: alama ya kufugwa humtia ndege hatiani, lakini kukosekana kwa alama hakumwachii huru. Wafugaji wengi hawawavishi bata wao pete, kwa hiyo mguu mtupu haushuhudii chochote.

Hata hivyo, anza na mguu. Hapa subira ni kazi kweli, kwa sababu bata akiwa majini huficha ushahidi wote chini ya tumbo. Ngoja apande ukingoni kujichana manyoya, na uione miguu yote miwili; aliyeona mmoja hajaona. Ukikuta pete, usikimbilie kufunga kesi, itazame ilivyotengenezwa. Pete ya mfugaji mara nyingi ni mviringo mzima usio na kiungo. Huvishwa kifaranga akiwa na siku chache tu, wakati vidole vyake bado vinapita, kisha mguu unakua na pete haivuki tena. Hiyo ikionekana, mjadala umekwisha. Pete ya watafiti ni kipande cha metali kilichokunjwa kwa koleo, chenye namba na anwani, na ukitazama kwa darubini nzuri utaona mahali ncha zake zilipokutana. Hiyo inaweza kuwa hati bora kuliko zote, kwa kuwa namba yake hueleza ndege alivishwa wapi na lini. Yule dume wa bata wa Mandarini aliyewapumbaza watu wa New York kwenye Central Park mwaka 2018 alikuwa na pete iliyoonekana kuwa ya mfugaji, na hakuna mjuzi aliyepoteza usingizi juu yake.

Ukiwa hapohapo mguuni, hesabu vidole. Wapo wafugaji wanaokata kidole kidogo cha nyuma kama alama yao. Kisha subiri bata asimame juu ya maji na kupiga mabawa. Bawa lililokatwa ncha tangu utotoni halikui tena na hubaki fupi kuliko mwenzake maisha yote, na bata wa namna hiyo hakuvuka bahari yoyote. Manyoya ya kurukia yaliyopunguzwa kwa mkasi huonekana kama yamepigwa rula. Mkia uliosagika na mdomo wenye kasoro ni mambo ya kuandika daftarini, ila yasikupeleke mbali, maana ndege wa porini naye huchakaa.

Kuhusu upole, nasema kwa kifupi: haufai. Kinda aliyetoka tundra huenda hajawahi kumwona mtu, kwa hiyo hana sababu ya kukuogopa. Mtoro aliyekaa misimu miwili na bata wa porini hujifunza woga wao wote. Mkate nao hauamui kitu, kwani bata wa porini kabisa wanaolala London msimu wa baridi huupokea bila aibu.

Ushahidi unaomtetea ndege hautoki mwilini mwake. Hutoka kwa alioandamana nao, katika tarehe na katika upepo. Mchukue bata bukini wa kifua chekundu, Branta ruficollis, anayezaliana rasi ya Taimyr kule Siberia na kukimbilia Bulgaria na Romania wakati wa baridi. Bata bukini weusi, Branta bernicla, nao huzaliana Taimyr, ila wao huelekea matope ya pwani ya Essex na Norfolk. Ukimkuta kifua chekundu mmoja katikati ya kundi lao mwezi wa Desemba, ana maelezo ya safari yanayoingia akilini: alikosea msafara, akawafuata majirani wa nyumbani. Ukimkuta huyohuyo mwezi wa Julai, katika bustani ya mji, akila majani na bata bukini wa Kanada, hata akiwa na miguu mitupu na mabawa kamili mimi simwandiki. Kwa bata wa Marekani angalia kama dhoruba za Oktoba zimevuma kutoka magharibi, na kama ndege ni wa mwaka wake wa kwanza, kwani wachanga ndio wanaopotea zaidi.

Tabia ya jamii nzima nayo ina uzito. Bata wa uso mweupe anayepiga mluzi katika mashamba ya mpunga ya Mwea ni wa kawaida mno kwetu. Akionekana Uingereza huwekwa Kundi E mara moja, kwa kuwa kuhama kwake hufuata mvua za Afrika na mabwawa ya wafugaji yamejaa ndugu zake. Upande wa pili yuko bata mwekundu wa Marekani, Oxyura jamaicensis. Watoro wa kituo cha ndege cha Slimbridge wa miaka ya 1950 walizaliana hadi kufikia takriban 6,000 mwaka 2000, kabla serikali haijaamua kuwamaliza ili kumwokoa bata wa kichwa cheupe wa Hispania. Kama katika miaka hiyo mmoja aliivuka Atlantiki kweli, nani angemtambua kati ya elfu zote hizo?

Maabara husaidia pale ambapo manyoya yamepatikana. Hidrojeni ya maji ya mvua hutofautiana kimaumbile kati ya eneo na eneo, na unyoya huihifadhi ya mahali ulipoota. Mwezi Novemba 2005 bata wa Baikal, dume mchanga, alipigwa risasi Denmark. Manyoya yake ya utotoni yalilingana na Siberia, na yale mapya yalilingana na Ulaya Magharibi. Mfugwa wa Ulaya asingekuwa na historia hiyo mwilini. Baada ya hapo kamati ya BOU ilimrudia bata wa Baikal aliyepigwa Essex tarehe 1 Januari 1906, naye dume wa mwaka wake wa kwanza, ikamkubali kuwa mgeni wa kweli zaidi ya miaka 100 tangu afe.