« Bila dalili »: neno moja lenye tunapaswa kuchunguza katika makala ya Nyiragongo

Wandugu, tangu mwaka 2022 kuko makala moja yenye wengi kati yetu wanataja katika TFC na katika mabishano: ile ya Delphine Smittarello na wenzake juu ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, yenye ilitoka katika gazeti la sayansi Nature. Kichwa chake kinasema mlipuko ulikuja bila dalili, ju mlima wenyewe ulipasuka. Wengi wanakomea kwenye kichwa. Hapo njo tatizo linaanzia.

Kwanza tuseme ukweli: makala iko na nguvu. Tulizoea kufundishwa kwamba magma inapanda, inasukuma, mlima unavimba, udongo unatetemeka, kisha moto unatoka. Hapa ilikuwa kinyume. Ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikatoka kwa masaa karibu 6, na nyuma yake njo magma ikatembea chini ya udongo kuelekea kusini, urefu wa kilometa 25 hivi. Ilipita chini ya Goma na Gisenyi mpaka chini ya ziwa Kivu, kwa kina kisichofika meta 500. Mwenye alikuwa Goma wiki ile anakumbuka matetemeko na nyufa katika barabara. Makala inatuonyesha ni kitu gani kilikuwa kinapita chini ya miguu yetu.

Walijua namna gani? Pamoja na vyombo vya kupima matetemeko, walitumia rada ya satelite. Satelite inatuma mawimbi, inapokea yenye yanarudi, kisha inapita tena siku kadhaa nyuma na wanalinganisha. Kwa Sentinel-1 ya Ulaya, wimbi liko na sentimeta 5.6, basi kila duru moja ya rangi kwenye picha ni udongo kusogea sentimeta 2.8, kukaribia ao kuachana na satelite. Usiku na mawingu havizuii.

Lakini picha hiyo si video. Inasema nini kilibadilika kati ya safari mbili za satelite, haisemi ni saa ngapi. Tena inapima mwendo wa udongo tu. Nyiragongo, na ziwa lake la lava lenye liko wazi juu, ni kama sufuria bila kifuniko: inaweza kuchemka sana bila kuvimba. Kwa hiyo rada kunyamaza haimaanishi mlima umelala.

Sasa tuje kwenye neno. Ndani ya makala, waandishi wanasema hapakuwa na dalili « zenye kuonekana ». Kwenye kichwa, maneno hayo mawili yamepotea. Tofauti ni kubwa. Zenye kuonekana kwa nani, na kwa vyombo gani? Wakati ule magazeti yalieleza kwamba msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umeisha mwaka 2020, na kwamba OVG ilikaa miezi bila intaneti ya kupokea data. Sisemi kwamba feza zingetupatia siku tatu za kujitayarisha. Makala inatoa sababu nzuri za kuamini kwamba hapana. Ninasema kwamba kichwa kile, kikifika kwa wakubwa, kinageuka msamaha: « Hata wataalamu walisema hakuna mwenye angejua. »

Na mwaka 2002? Mwaka ule dalili zilikuwako, OVG iliona matetemeko mbele, na bado lava ilikata katikati ya mji mpaka ziwani. Kuona ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo lingine.

Tukifuata makala mpaka mwisho, fundisho ni kinyume cha kukaa mikono mitupu. Kama mlima unaweza kupasuka na kutuachia muda mfupi sana, basi satelite yenye inarudi kisha siku kadhaa haitoshi. Tunahitaji vyombo vyenye vinafanya kazi hapa chini usiku na mchana, watu wenye kulipwa wa kuvisoma, na njia ya kutoka yenye kila kartiye inajua mbele ya wakati. Tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliamuru kartiye 10 za Goma zitoke. Watu walikimbilia Sake, Minova, Bukavu, Rwanda, na wengi walijipangia wenyewe njiani. Juu ya kipande hicho, makala inapita haraka.

Lawama ya mwisho ni yetu pia. Wanasayansi wa dunia nzima wanaandika « mazuku » kwa hewa ile yenye kuua, neno la Kiswahili cha hapa. Neno letu lilienda kwao. Maarifa yao hayajarudi kwa mama wa Majengo katika luga yake. Wenye wanasoma jeolojia, hiyo kazi inangojea nani?

Someni makala yote. Kisha mwenye atawaambia « bila dalili », mumuulize: zenye kuonekana na nani?